Mkato wa Baba Mkwe

Kwa wiki tatu kila kazi katika karakana yetu ilifanywa mara mbili. Mara ya kwanza baba mkwe aliifanya mbele yangu. Mara ya pili niliifanya mimi nyuma yake, na hiyo ya pili ndiyo iliyonimaliza.

Tunatengeneza baiskeli. Karakana ni chumba kimoja chenye mlango wa bati, sakafu ya saruji iliyokunywa mafuta mpaka ikawa nyeusi, na meza ya kazi ya ubao mnene. Kwenye kona ya meza limefungwa jiliwa, lile taya la chuma la kubania kitu kisicheze. Meza ni ya baba mkwe. Jiliwa ni lake. Hata stuli ninayokalia ni yake, na binti yake nimemwoa. Kwa hiyo mtu asiniulize kwa nini sikufungua mdomo siku ya kwanza.

Watu wanamwita Kipimo. Jina hilo alipewa kabla sijazaliwa, kwa sababu hapimi mara mbili. Anachukua ganda la waya wa breki, ule mrija mweusi ambao waya hupita ndani yake kutoka kwenye usukani kwenda kwenye gurudumu. Anageuza usukani mpaka ukomo wake, analaza ganda pale litakapopita, anaongeza upana wa vidole viwili, anakata. Halipungui, halizidi. Miaka minne nimekaa naye na sijamwona akitupa ganda kwa sababu ya ufupi. Hiyo ndiyo fahari yake, na kwa kuwa mimi pia nina fahari zangu, sikuigusa.

Shida haikuwa kupima. Shida ilikuwa kukata.

Ganda la breki kwa nje ni plastiki, lakini ndani yake ni chuma kilichojisokota kama springi. Ukilikata kwa kifaa chenye makali na mkono usiosita, mdomo wake unabaki duara kama ulivyotoka kiwandani. Mkono ukisita, plaizi hailikati, inalitafuna. Mdomo unapondeka, ncha ya ile springi inaingia ndani kama mwiba, na waya unakwaruzwa kila breki inapobanwa. Breki inashika, haiachii. Mwenye baiskeli anakanyaga pedeli anahisi amebeba gunia, na hajui gunia liko wapi.

Kwa miaka yote baba mkwe alikata kwa plaizi yake kubwa, na ilikata. Kisha kiungo cha kidole gumba cha mkono wa kulia kikaanza kuvimba. Hakusema. Mimi niliona kikombe kikimponyoka mara mbili kwa siku moja, na mara zote mbili alikilaumu kikombe.

"Vikombe vya siku hizi vina masikio ya panya," alisema. "Mtu mzima atashika wapi?"

Ndipo kituo cha afya kikaleta baiskeli zake kumi na moja, zile za manesi wanaokwenda kuwahudumia wagonjwa majumbani. Zote zilitaka nyaya mpya na maganda mapya. Zilikuja mbilimbili, maana nesi hawezi kukaa siku tatu bila kutembea. Kila baiskeli ina maganda mawili, na kila ganda lina midomo miwili. Midomo yote aliitafuna yeye.

Saa saba mchana baba mkwe huenda nyumbani kula na kujinyoosha. Hurudi saa tisa. Katika saa mbili hizo nilifungua breki alizofunga asubuhi, nikachomoa nyaya, nikaingiza kipande cha waya wa zamani ndani ya ganda lisipondeke, nikalibana kwenye jiliwa, nikakata sehemu iliyotafunwa kwa msumeno wa chuma. Halafu tupa, kile chuma cha kusugulia, mdomo uwe bapa. Halafu msumari uliochongwa, kupanua tundu. Halafu kurudisha kila kitu kama kilivyokuwa, mpaka alama za vidole vyangu kuzifuta. Vile vipande vilivyokatwa nilivitia kwenye kopo la maziwa nikalificha nyuma ya matairi mabovu, maana hata kwenye pipa la taka jicho lake lingeviona.

Saa tisa alirudi, akabana breki moja, ikashika na kuachia kama pumzi ya mtoto.

"Unaona?" aliniambia. "Kazi."

"Naona, baba."

Nyumbani, mke wangu alifungua kontena la chakula nililorudi nalo.

"Tena hujala."

"Sikuwa na njaa."

"Jana hukuwa na njaa, juzi hukuwa na njaa. Suruali yako sasa inashikwa na imani tu." Alikaa chini. "Baba anakukatia maganda mabovu, wewe unayarudia. Si ndivyo?"

Nilimtazama.

"Mimi ni mtoto wake," alisema. "Nimeona anavyofunga vifungo vya shati. Mwambie."

"Mwambie wewe."

"Mimi sikai naye kazini. Mficha maradhi, mwisho wake unaujua."

"Maradhi si yangu."

"Kuficha ni kwako."

Nililala bila kumjibu. Uchovu ulinipa kisingizio, na sikuwa na aibu ya kukitumia.

Wiki ya tatu, siku ya nne, Nesi Mkuu alikuja akisukuma baiskeli yake badala ya kuipanda. Ni mama mwenye sauti ya chini na hatua ndefu. Kiwiko chake kilikuwa kimefungwa bandeji.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mama. Nani kakufanya hivyo?"

"Baiskeli yako."

Baba mkwe aliweka spana chini. Nesi alieleza bila kuongeza chumvi. Alikuwa anaingia kwenye uwanja wa nyumba ya mgonjwa, akakata kona kali kushoto, na gurudumu la nyuma likajifunga lenyewe. Hakuwa amegusa breki. Alidondokea kiwiko, sanduku la dawa likafunguka, na mbuzi wa mwenye nyumba akala pamba yote.

"Mbuzi hana neno," alisema. "Ila kesho asubuhi nina kidonda cha kusafisha kule chini ya mteremko. Nikidondoka mteremkoni, kidonda kitakachosafishwa ni changu."

Baba mkwe aliinama. Aligeuza usukani kushoto, polepole. Ulipofika ukomo, ganda la breki ya nyuma lilivutika kama kamba ya nguo, na gurudumu likakamatwa. Alirudisha usukani, likaachiwa. Aligeuza tena.

"Ni fupi," alisema.

Alisema kama mtu anayesoma jina la marehemu wake kwenye karatasi.

Mimi nilikuwa nimesimama kando ya matairi na nilijua kila kitu. Niliikumbuka baiskeli ile. Siku ile msumeno uliteleza, nikakata mshazari, nikalazimika kukata tena upande uleule. Upana wa kidole kimoja kwenye mdomo wa mbele, viwili kwenye mdomo wa nyuma. Vidole viwili vya nyongeza alivyoviweka yeye vilikuwa vimeisha, na kimoja zaidi. Nilikuwa na njaa, saa tisa ilikuwa inakaribia, sikugeuza usukani kuhakikisha. Fundi wa miaka minne hakugeuza usukani.

"Mama, iache," baba mkwe alimwambia Nesi. "Utaikuta tayari asubuhi. Na nisamehe. Nimepima mimi."

"Sikuja kugombana, fundi. Tangu nianze kazi ni wewe tu."

"Ndiyo maana naomba msamaha."

Nesi alipoondoka, mzee alibaki ameshika usukani. Kisha alivua aproni, akaikunja mara nne kama anayekunja nguo ya kwenda kuitunza, akaiweka mezani. Juu yake akaweka ufunguo wa mlango wa bati.

"Mkwe."

"Baba."

"Mkono ukichoka, mtu anaweza kutumia mwingine. Kipimo kikitoka kichwani, hakirudi. Sitaki kumuua mtoto wa mtu. Kuanzia kesho fungua wewe, funga wewe. Mimi nitakaa nyumbani nisumbue kuku."

Niseme ukweli kama ulivyo. Nilinyamaza. Ile meza nilikuwa naitaka. Nilikuwa nimeitaka tangu mwaka wa kwanza, nikijua nilivyo mwepesi kuliko yeye, nikijua wateja wapya huniuliza mimi kwanza kisha wanamtazama yeye kwa adabu tu. Sasa ilikuwa imewekwa mbele yangu, na ufunguo juu yake, na sikuhitaji kufanya lolote isipokuwa kuendelea kufunga mdomo, kazi niliyokuwa nimeizoea kwa wiki tatu. Alikuwa ameshafika mlangoni. Mgongo wake ulikuwa umeinama kwa namna ambayo sikuwahi kuiona asubuhi.

"Hukukosea kupima," nilisema.

Hakugeuka. "Usinibembeleze, kijana."

"Sikubembelezi. Mimi ndiye niliyelipunguza."

Nilitoa lile kopo nyuma ya matairi nikalimimina mezani. Vipande vilienea juu ya ubao kama meno yaliyong'olewa: vidogo, vyeusi, kila kimoja na mdomo wake uliopondeka. Alirudi. Alichukua kimoja akakiinua kwenye mwanga wa mlango, akachungulia ndani yake kwa jicho moja. Akachukua cha pili. Cha tano. Hakuharakisha hata kidogo, na kila kimoja kilinichosha kuliko kukikata.

"Hivi vyote ni vyangu?"

"Midomo ni yako, baba. Msumeno ni wangu."

"Lini?"

"Ukienda kula."

"Wiki ngapi?"

"Tatu."

Alikaa kwenye stuli yangu. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema taratibu, bila hasira, kama anayejaribu kuona kama methali hiyo inanikaa vizuri. "Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje? Nimwambie baba wa mke wangu kwamba mkono wake umekwisha?"

"Ndiyo. Hivyohivyo ulivyosema sasa."

"Ungenisikiliza?"

"Ningekufukuza."

"Basi."

"Ningekufukuza asubuhi, jioni ningekuita." Alikitupa kipande mezani. "Umeniacha nimwombe radhi yule mama kwa kosa lako. Umeniacha nijione mwendawazimu katika chumba changu. Na ungeniacha niende."

Alikuwa ameiona ile nusu dakika niliyonyamaza.

"Karibu," nilisema.

"Karibu nini?"

"Karibu nikuache uende."

Mafundi wawili, wote hoi, katikati yetu kilima cha vipande vya plastiki.

"Angalau huo ndio mkato wa kwanza ulionyooka," alisema. Akavaa aproni. "Kesho yule mama akija, utamwambia kwa mdomo wako. Na baiskeli zote zilizopita mikononi mwako saa saba zirudi hapa, tugeuze usukani mojamoja."

"Zote?"

"Unataka tusubiri mbuzi wengine?"

Baiskeli nane, kati ya zile kumi na moja.

"Lakini kwanza," alisema, "twende tukatafute kitu cha kukatia. Hii plaizi nimeipa heshima kupita kiasi."

Duka la vifaa liko mtaa wa pili. Mwenye duka anaitwa Mama Vyuma, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na hakuna kifaa ambacho hana maoni juu yake. Baba mkwe aliweka kipande cha ganda kirefu juu ya kaunta.

"Nataka kitu cha kukata hii bila kuitafuna."

"Plaizi?"

"Ninayo. Inatafuna."

"Plaizi yatafuna au mwenye plaizi?"

"Mwenye plaizi," alisema baba mkwe. Nilimtazama. Alilisema hivihivi, mbele ya mtu baki, kama anataja siku ya juma.

Mama Vyuma hakucheka. Aliingia nyuma akarudi amekumbatia vifaa kama mtu aliyebeba kuni. Akaweka plaizi mpya; mzee akaijaribu, ganda likapondeka vilevile, akaisukuma kando. Akaweka grenda ndogo ya umeme. Aliiwasha, ikalia, ikakata ganda kama hewa, na moshi wa plastiki ukatukohoza sote watatu. Mdomo ulikuwa bapa lakini plastiki ilikuwa imeyeyuka ikaziba tundu.

"Hiyo unazibua kwa msumari," alisema Mama Vyuma.

"Karakana yetu haina pa kuchomeka," nilisema.

"Hata ingekuwa napo," mzee alisema, "mashine ikipiga kelele sisikii ninachofikiri. Msumeno je?" Alinigeukia. "Mdomo mmoja unakuchukua muda gani kwa msumeno?"

"Na tupa, na msumari? Kama dakika kumi."

"Kumi, mara nne, kila baiskeli." Alitikisa kichwa. "Ndiyo maana umekuwa kama spoki. Nilidhani binti yangu hapiki."

Mwisho Mama Vyuma akatoa mkasi wa waya. Mipini yake mirefu, taya zake fupi zilizopinda kwa ndani, hivi kwamba zikikutana zinalizunguka ganda pande zote badala ya kulibana juu na chini. Nilijaribu mimi. Tak. Mdomo ulitoka duara, na nilipolipuliza ganda hewa ilipita bila kizuizi. Nilimpa mzee. Alifunga vidole kwenye mipini, akabana. Taya ziliuma ganda nusu zikakwama. Niliona kidole gumba kikitetemeka. Alibana tena, uso wake ukabadilika, akaacha.

"Tumia mikono miwili," Mama Vyuma alimshauri.

"Na ganda nalishika kwa meno?"

"Mkweo atashika."

"Mkwe wangu ana kazi zake." Alisema hivyo bila kunitazama, na ilinichoma na kunipoza kwa pamoja.

Aliugeuza mkasi. Aliutazama kama anavyotazama njia ya ganda kwenye fremu, akipima kwa jicho. Pembeni ya kaunta kulikuwa na jiliwa dogo, lile analotumia Mama Vyuma kuchonga funguo. Mzee alilifungua, akaweka mpini mmoja wa mkasi ndani yake, akalikaza. Sasa mkasi ulisimama wenyewe, taya wazi, mpini wa pili ukielekea juu. Aliingiza ganda kwa mkono wa kushoto. Halafu hakushika mpini wa juu. Aliuwekea mkono wote, kuanzia kiwiko mpaka kiganja, akauegemea kwa uzito wa bega.

Tak.

"Mzee, unanivunjia mpini, haujauzwa huo," alisema Mama Vyuma.

"Umeuzwa," alisema baba mkwe.

Hakuchungulia ule mdomo. Alinipa mimi. Niliutazama: duara, safi, bila mwiba.

"Uko sawa," nilisema.

"Sawa kweli au sawa ya mkwe?"

"Sawa kweli."

Tulirudi karakana. Jua la alasiri lilikuwa limeugeuza mlango wa bati kuwa pasi. Ndani, mzee aliufunga mkasi kwenye jiliwa letu, akafungua breki ya nyuma ya baiskeli ya Nesi, akageuza usukani mpaka ukomo, akalaza ganda jipya, vidole viwili, akakata upande wa kwanza. Akakata wa pili. Upande wa pili bega lake lilichelewa kidogo, nikasikia sauti: haikuwa tak, ilikuwa kama mtu anayetafuna karanga.

Alininyooshea ganda. "Sema."

Niliinua mdomo wa kwanza kwenye mwanga. Duara. Niliinua wa pili. Ndani, kwenye ukingo, kulikuwa na ncha ya chuma imeinama kwa ndani. Ndogo sana. Ningeweza kuliweka mezani, nikamwomba akaniletee maji, na kabla hajarudi ningekuwa nimeisugua. Mikono yangu ilikuwa inaijua njia hiyo kuliko njia ya kwenda nyumbani.

"Huu wa pili una mwiba," nilisema.

Aliinama karibu.

"Mkubwa?"

"Kama chembe ya sukari."

"Chembe ya sukari nayo inakwaruza waya?"

"Unajua inakwaruza, baba."

Alifuta uso kwa aproni. Nilidhani atasema amechoka, maana mimi nilikuwa nimechoka kiasi cha kuweza kulala nimesimama. Badala yake alinyoosha mkono wa kushoto, akaichukua tupa kwenye ndoana yake, akaisukuma juu ya meza mpaka ikagusa vidole vyangu.

"Sugua basi, nikuone."

Alivuta stuli yangu akakaa karibu, viwiko juu ya magoti. Kwa wiki tatu nilikuwa nimesugua midomo ile bila jicho la mtu. Sasa nilipoanza, tupa iliruka, ikanichubua kidole.

"Polepole," alisema. "Unasugua kama unafukuza mbwa."